Kome wa Shimoni

Tope la mtoni lina harufu mbili. Wakati wa masika, maji yakiwa yamejaa na tope limelala chini kabisa, mto unanukia majani yaliyolowa, basi. Lakini kiangazi kikishika, maji yakirudi nyuma na kuacha ukingo wazi juani, tope hutoa harufu nyingine kabisa: ya chuma, ya samaki, ya mizizi iliyooza, na ya kitu kama yai lililosahauliwa na kuku wake. Mgeni akiisikia huziba pua. Sisi tuliozaliwa kando ya mto Luama tuliisikia asubuhi tukitoka nje, na mate yakatujaa mdomoni. Harufu hiyo ilituambia kwamba siku za kula ugali kwa chumvi na pilipili zimekwisha, na kwamba wanawake wa kijiji wanakaribia kuanza kukausha maji.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Kabambare, miaka ya mwisho mwisho ya utawala wa Wabelgiji, nami nilikuwa mtoto wa kike ambaye meno yake ya mbele yalikuwa yameshaota upya. Hapo kijijini Luama unapinda kama kiwiko. Kwenye kiwiko hicho, kila kiangazi, fungu refu la mchanga lilijitokeza katikati ya mto na kuugawa mara mbili. Upande wa mbali maji yaliendelea na safari yake kuelekea Lualaba. Upande wetu yalibaki kama mkono wa mtu aliyelala: marefu, membamba, ya kina kifupi, yakisogea polepole hata jani lililoanguka asubuhi ungelikuta mchana halijafika mbali. Katika mkono huo walijifungia samaki waliochelewa kuondoka: kambare, perege, mikunga mirefu kama nyoka, na kamongo, ambaye hujizika kwenye tope akingoja mvua. Chini ya samaki hao wote, ndani ya mchanga, walikaa kome.

Kome wa kwetu ni wa maji baridi, wenye magamba mawili yaliyofungana kama viganja. Hawakimbii, lakini kuwaona ni kazi, kwa sababu maji ya Luama yana rangi ya chai na wao wana rangi ya tope. Kwa hiyo tuliwatafuta kwa miguu. Unaingia hadi magotini, unashikana mkono na mwenzako msije mkaanguka, kisha unazungusha kisigino taratibu mchangani. Jiwe utalijua kwa ubaridi wake. Mzizi unateleza. Kome husimama wima, na ukingo wa gamba lake hukukuna katikati ya unyayo. Hapo ndipo unapoinama na kumng'oa kabla hajajizamisha zaidi. Watu wazima walisema mguu wa mtoto wa mtoni una macho. Nyama tuliichemsha, tukaikaanga kwa mawese na pilipili, ikaliwa na wali wa mpunga mpya. Magamba nayo hayakutupwa. Yalikuwa vijiko vya uji, yaliparuza mihogo, wafinyanzi waliyatumia kulainisha vyungu, na yaliyobaki yalichomwa yakawa chokaa. Chokaa hiyo ilipakwa kwenye msikiti wetu na kwenye kanisa la jirani zetu, hivi kwamba nyumba zote mbili za ibada ziling'aa kwa mavuno ya mto mmoja.

Mkono huo wa mto haukuwa wa kila mtu. Ulikuwa umegawanywa vipande, na kila kipande kilikuwa cha mwanamke mmoja, aliyekipokea kwa mama yake au kwa mama mkwe wake, na kiliitwa kwa jina lake. Wanaume walikuwa na mitumbwi na nyavu zao kwenye mto mkubwa. Huku kwenye maji mafupi hawakuwa na neno. Sheria ilikuwa moja: maji ni ya anayeyakausha. Mwanamke akiacha kipande chake kiangazi kizima, mwingine alikuwa na haki ya kuchomeka kijiti ukingoni kiangazi cha pili kikiingia. Mwenyewe akishindwa tena, kipande kilihama. Na kukausha hakukuwa kuteka vibuyu vitatu ukapata mboga ya jioni. Kila kipande kilikuwa na shimo, na ndani ya shimo walikaa kome wazee ambao maji hayajawahi kuwaacha. Mwenye maji alitakiwa kufika chini ya shimo kwa mikono yake, kabla jua halijazama, atoe kome mmoja na kumpa mkononi mkubwa wa maji, yaani mkongwe aliyesimamia sheria hiyo. Bila kome wa shimoni, hata kama umejaza vikapu vyote vya kijiji, ulihesabiwa kuwa umechezea maji tu.

Mwaka uliotangulia, baba yangu alirudi kutoka machimbo ya dhahabu na kifua kibovu, akafariki kiangazi kikianza. Mama akakaa eda, kama ilivyo kwetu sisi Waislamu, na alipotoka ndani mvua zilikuwa zimeshajaza mto. Hakuna aliyemlaumu. Lakini sheria ya maji haikusikiliza msiba, kwa sababu wakongwe waliona kwamba ikisikiliza msiba mmoja, kila nyumba itakuja na wake. Kiangazi kilichofuata kilipoingia, tulikuta kijiti kimechomekwa ukingoni kwetu, kimefungwa kitambaa chekundu. Kilikuwa cha Mama Atosha.

Mama Atosha hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto, na watoto wengi wa kulisha. Binti yake Sofia alikuwa rafiki yangu, na ndiye niliyezoea kushikana naye mikono tukitafuta kome. Kipande chake mwenyewe kilikuwa kimefukiwa kwa mawe serikali ilipojenga daraja la barabara ya magari, na hakuna aliyemuuliza. Alikuwa na haki ya kutafuta kingine, na alifuata njia. Lakini kwetu kipande kile kilikuwa kitoweo cha mwaka mzima. Samaki waliokaushwa kwa moshi ndio tuliokula, na ndio tuliobadilisha kwa mpunga na kanga. Zaidi ya hapo, wajomba zangu wa Kasongo walikuwa wameshatuma neno: maji yakienda, dada yao arudi kwao, maana mjane asiye na maji anakaa kijijini kwa watu kufanya nini. Mimi, kama mtoto wa upande wa baba, ningebaki kwa baba mdogo. Hakuna aliyeniambia hivyo waziwazi. Nililisikia neno hilo mara kadhaa, wakubwa wakidhani nimelala au nachota maji, nikalipanga kichwani hadi nikalielewa.

Siku nayo haikuwa ya kuchagua. Enzi hizo kila nyumba ilikuwa na shamba la pamba la lazima, na kapita, yaani msimamizi aliyewekwa na serikali, alizunguka kwa baiskeli yake kuangalia nani analima na nani amekaa. Pamba ikimalizika kulikuwa na kazi ya kufyeka barabara. Katikati ya kazi hizo mbili wanawake waliibia siku zao za mto, kila kipande kwa zamu yake, wote wakisaidiana, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Zamu ya Mama ilikuwa ya mwisho, na ilikuwa siku moja. Kesho yake wote walitakiwa barabarani na mapanga.

Tulishuka mtoni ukungu ukiwa bado umekaa juu ya maji. Wanawake walikuja na vibuyu vilivyokatwa nusu, mabeseni, masufuria yaliyotoboka na kuzibwa, na vikapu vilivyosukwa vya kubana hata maji yanapita kwa shida. Mama Atosha alikuja pia, na beseni lake kubwa kuliko yote. Desturi ilimtaka aje: aliyechomeka kijiti lazima afanye kazi siku hiyo kwa mikono yake, ili jioni asiseme alidanganywa. Mkubwa wa maji alikuwa Bibi Mwajuma, mama mkongwe ambaye sikio lake moja halikusikia, lakini ni lipi hakuna aliyejua, maana alilibadilisha kufuatana na maneno. Alikaa juu ya kikapu kilichofudikizwa, akaufunga mdomo wa kifuko chake cha tumbaku, na kazi ikaanza.

Unajenga maboma mawili, moja juu na moja chini ya kipande chako. Unapigilia miti, unasuka matawi kati yake, unashindilia majani ya mgomba, kisha unabandika udongo wa mfinyanzi tabaka juu ya tabaka, watoto wakiuleta kwa mikono na kuupiga kwa nyayo. Sofia na mimi tulikuwa wapiga udongo. Halafu watu wanajipanga na kumwaga maji nje ya boma la chini, kibuyu kwa kibuyu, hadi samaki waanze kuonyesha migongo. Lakini kabla ya udongo wa kwanza kuna jambo ambalo kila mwanamke wa Luama analijua: boma halishiki ikiwa wanaolijenga wamefichiana vinyongo. Kila mmoja lazima aseme lililo rohoni mwake, mbele ya wote, na mwenye kusemwa ajibu. Kwa kawaida kazi hiyo ilikula nusu ya asubuhi, na baadhi ya wanawake walikuwa wakiyaweka maneno yao mwaka mzima wakingoja siku hiyo.

Asubuhi ile, kwa kuogopa jua, waliruka. Bibi Mwajuma aliuliza kama kuna mwenye neno, wakajibu haraka haraka kwamba hakuna. Mama naye akasema, "Mimi sina kitu ku roho, Bibi. Tufunge maji." Alisema hivyo akiwa amekipa mgongo kile kijiti chenye kitambaa chekundu.

Maboma yalisimama mapema kuliko siku zote. Watu wakamwaga maji kwa nguvu, wakiimba na kutaniana, na mimi nikaweka alama ukingoni kwa kidole kila maji yaliposhuka, kwa kuwa nilipenda kuona jambo likienda kwa mpangilio. Alama ya kwanza ilikauka, na ya pili, na ya tatu. Kisha nikaona ya tatu imelowa tena. Nikadhani ni rasharasha za vibuyu. Nilipoangalia boma la juu, udongo katikati ulikuwa umetoa jasho. Mara mstari wa maji ukatoka, mwembamba kama uzi, kisha kama kamba, kisha bonge zima likaanguka na mto ukaanza kurudi ndani kwa kelele. Walilibandika, likatoka. Wakaongeza majani, yakasukumwa. Jua lilikuwa limefika juu ya miti na shimo lilikuwa bado limejaa.

Bibi Mwajuma alinyoosha fimbo. "Maji iko inarudi. Mulisema hamuna kitu ku roho. Sasa semeni."

Wakasema. Nimehudhuria mikutano mingi maishani mwangu, lakini sijasikia tena watu wakisema ukweli kwa kasi ile, wamesimama majini hadi mapajani, mikono imebeba udongo. Mmoja alisema jirani yake aliazima chungu akakirudisha na ufa. Jirani akajibu kwamba ule ufa ulikuwa wa zamani. "Ya zamani tangu juzi," akaambiwa, na akakubali kwamba ni tangu juzi. Sofia alisema ninamfinya tukiwa majini, nikakubali pia. Tulikuwa katikati ya hayo kapita alipotokea ukingoni na baiskeli yake. Alisikia kelele akadhani ni ugomvi.

"Mbona muko munapigana?"

"Hatupigane, kapita," Bibi Mwajuma alimjibu. "Tuko tunajenga."

Alitaka kushuka. Wanawake wote walimgeukia kwa pamoja, kwa sababu mwanamume hakanyagi maji yale kabla ya kome wa shimoni kutoka, hata awe ametumwa na nani, naye akarudisha mguu wake. Mama Regina, mke wa katekista, mwanamke mpole ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti kabla ya siku hiyo, aliweka beseni lake chini.

"Na mimi niko na yangu, na mwenyewe amefika," alisema. "Kapita, siku ya kupima pamba ulikula kuku yangu. Ulishiba. Halafu ulienda kwa jirani yangu ukasifia sombe yake, majani ya muhogo tu, kuku yangu ukanyamaza."

Kapita alishika usukani wa baiskeli kwa mikono miwili. "Kuku ilikuwa tamu, mama."

"Sasa ndio unasema."

"Imesemwa," alikatiza Bibi Mwajuma. "Mwingine."

Hakukuwa na mwingine ila Mama. Wote walikuwa wamesema, na maji yalikuwa bado yanaingia. Alisimama karibu na mwanya, kanga yake imefungwa kiunoni, uso wake umejaa matone ya tope. Tangu baba afariki alikuwa amejizoeza kusema maneno machache, kama mtu anayetembea na mzigo wa mayai kichwani.

"Mama Atosha," alisema hatimaye, "kinyongo yangu ni kwako. Si juu ya maji. Maji uko na haki ya kuomba. Lakini ulikuja ku matanga ya bwana yangu na kijiti mukononi. Niko nalia, na wewe umesimama mu mulango na kijiti umekata tayari. Nilikiona."

Hata watoto tuliacha kukanyaga udongo. Mama Atosha alikuwa ameinama upande wa pili wa mwanya. Alijinyoosha, akafikiri kidogo, kama mtu anayetaka kutoa hesabu sahihi.

"Ile ilikuwa ya mbwa, mwenzangu," alisema. "Mbwa ya katekista ilinifukuza tangu ku njia. Uliza mwenyewe." Mama Regina alitikisa kichwa kukubali. "Ya maji nilikata kesho yake."

Mama akacheka. Hakikuwa kicheko cha adabu. Kilimtoka tumboni, akashika magoti, na akina mama wengine wakafuata, hata kapita kule juu akageuza uso. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu siku walipomleta baba kwa machela. Wakati wengine wakiendelea kucheka, Mama Atosha alifanya jambo ambalo bado linasimuliwa huko kwetu. Aliutazama mwanya, akajipima, akageuka, akakusanya kanga yake, akakaa ndani ya mwanya huo kwa mwili wake wote, mgongo kwa mto na miguu kwetu. Maji yaligonga mabega yake, yakatafuta njia huku na huku, yakakosa.

"Mwaka kesho ukilala, nitachukua," alimwambia Mama. "Leo haitoki. Muleteni udongo, musiniangalie kama picha."

Tulimjengea boma mgongoni. Miti ilipigiliwa kulia na kushoto kwake, majani yakashindiliwa nyuma yake, udongo ukabandikwa hadi mabegani. Hapo alipokaa, Sofia na mimi tuliona tundu la kaa, la zamani, pana kama mkono, likipita chini ya boma. Niliwaonyesha wakubwa. Wakasema ndiyo, ni tundu la kaa, na kwamba kaa naye alisikia kuna kinyongo akajua pa kuchimba. Mimi ninaandika nilichokiona, tundu na kicheko vyote viwili, na kila mtu achukue anachotaka. Ninachojua ni kwamba Mama Atosha hakuweza kuondoka mapema. Udongo ulihitaji kushika, na kila alipojaribu kusogea uzi wa maji ulitokea. Akakaa. Tulimlisha muhogo wa kuchoma mdomoni. Akalalamika kwamba kuna kitu kinamgusa chini.

"Ni kambare," aliambiwa, "anatafuta nyumba."

"Amwambie mama mwenye nyumba kwanza," alijibu, akaomba muhogo mwingine.

Mchana wote ulikwenda kwa vibuyu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na siku ile tuliyaoga kweli: mstari wa wanawake tangu shimoni hadi boma la chini, vyombo vikipita mkono kwa mkono, wimbo mmoja ukianza kabla mwingine haujaisha, na maji yakishuka bila kurudi. Perege walianza kuruka. Mikunga ilijipindapinda kwenye tope. Tulichota samaki kwa vikapu, tukawatupa ukingoni ambako mabibi waliwapokea na kuwapasua. Kamongo mmoja alipatikana akiwa mrefu kama mtoto wa mwaka, akauma kikapu akakataa kukiachia. Chini ya miguu yetu kome walikuwa wengi hata hukuhitaji kuzungusha kisigino. Walitukuna kila tulipokanyaga, kwa sababu kipande kilikuwa kimepumzika mwaka mzima. Sasa nilielewa jambo ambalo watu wazima hawakuwa wamelitamka, kwamba eda ya Mama ilikuwa pia mapumziko ya maji.

Lakini shimo lilikuwa bado. Jua lilipogusa miti ya ng'ambo, wanawake watatu waliokuwa ndani yake walikuwa bado wamezama hadi vifuani. Vyombo vikubwa havikuweza kuingia tena. Mama aliwaambia watoke. Alifunga kanga vizuri, akateremka peke yake kwenye maji mazito kama uji, akatafuta kwa miguu. Nilimwona usoni kila unyayo wake ulipogusa kitu: jiwe, mzizi, jiwe. Watu hawakuimba. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Mama aliinama, mabega yakaingia, kichwa kikaingia, juu ya tope vikabaki viputo. Nilishika mkono wa Sofia, naye, ambaye mama yake angeyapata maji yale kama mama yangu angetoka mikono mitupu, aliushika wangu kwa nguvu hadi vidole vikauma.

Alitoka na kome wawili, mmoja katika kila mkono. Walikuwa wakubwa kama sahani, weusi, magamba yao yamelika na kuwa meupe kwenye bawaba, kama meno ya mzee mvuta tumbaku. Kome wa juu ni wa rangi ya asali na gamba lao ni zima. Weusi waliolika namna ile hupatikana shimoni tu. Mama alimfikishia Bibi Mwajuma mmoja. Bibi alimnusa, akamgonga kwa ukucha, akamweka karibu na sikio, sijui lile zima au lile jingine.

"Huyu ni wa shimo," alisema. "Mama Atosha, umeona?"

"Nimeona," Mama Atosha alijibu kutoka ndani ya boma lake. "Sasa munitoe."

Walimchimbua kama muhogo. Miguu yake ilikuwa imekufa ganzi, ikabidi ashikwe huku na huku. Hatua zake za kwanza alizielekeza ukingoni, akang'oa kijiti chake mwenyewe, akafungua kitambaa chekundu akajifuta nacho uso. Mama alimpa yule kome wa pili. Sijui walisemezana nini, kwa sababu wakati huo boma lilikuwa limevunjwa, mto ukarudi ndani kwa kishindo, na wanaume na watoto wa kiume waliokuwa wakingoja juu wakashuka wakipiga kelele.

Usiku ule moshi wa samaki ulifunika kijiji chote. Mama Regina alikaanga kome kwa mawese, akampelekea kapita sahani, akasimama mbele yake mikono kiunoni hadi aliposema ni tamu. Akamwacha aseme tena. Wajomba wa Kasongo walipelekewa kikapu cha kambare wakavu, bila maneno, nao wakaelewa. Kesho yake wanawake walikwenda kufyeka barabara wakinuka tope, wakitembea polepole, na kapita hakumsemesha mtu. Mama hakulala kiangazi kilichofuata, wala kile kilichofuata hicho. Alikausha maji yake hadi alipokuwa mkongwe wa kukaa juu ya kikapu kilichofudikizwa na kusikia anayotaka. Mama Atosha alipata kipande kingine, cha mwanamke aliyeolewa mbali, akawa anakuja kwetu na beseni lake kila mwaka, akidai mahali pake kwenye boma.

Leo ninaishi Kasongo, karibu na soko, na samaki wengi ninaonunua hawakuvuliwa na mtu ninayemjua. Bendera tuliyoikuta utotoni ilishushwa, nchi ikabadilishiwa jina zaidi ya mara moja, pamba ya lazima ikaisha na barabara iliyofyekwa na mama zetu ikarudi kuwa msitu. Kisha ikaja miaka ya vita. Tulikimbia, tukarudi, tukakimbia tena, na katika kukimbia huko viangazi viwili vilipita bila mtu wa nyumba yetu kugusa kipande chetu. Mama alikuwa ameshafariki. Binti wa Sofia alichomeka kijiti, akangoja, akakausha, akatoa kome. Niliposikia sikuhuzunika hata kidogo. Ningehuzunika kama sheria ile ingekufa na hao wote waliokufa.

Kiangazi kilichopita nilipanda pikipiki hadi huko, safari iliyoumiza mgongo wangu mno. Mto sasa unashuka na uchafu wa machimbo ya juu, na maji yaliyokuwa ya rangi ya chai yamekuwa ya rangi ya tofali. Kome ni wadogo. Wengine wanatandaza vyandarua vya mbu na kukomba hata vifaranga vya samaki, jambo ambalo Bibi Mwajuma asingelinyamazia kwa sikio lolote. Lakini nilipokuwa bado juu ya kijiji, nikijinyoosha kando ya pikipiki, walinipita wasichana watatu wenye vibuyu na mabeseni, wakiwahi kazi. Nilimuuliza wa mwisho, mwenye umri kama niliokuwa nao wakati ule, wanakausha kwa nani leo.

"Kwa Mama Zaina," alisema.

Zaina ni mimi, Mama Zaina alikuwa mama yangu, na maji yale sasa ni ya binti wa Sofia. Nikamuuliza huyo Mama Zaina ni nani. Alihamisha beseni kutoka kichwani hadi kiunoni, akanitazama kama mtu anavyomtazama mgeni asiyejua njia.

"Sijue, bibi," alisema. "Ni jina ya maji tu."

Akakimbia kuwafuata wenzake.